Wali wa Kwanza wa Mashine

Kosa langu la kwanza Mpanda lilikuwa kukataa sinia la wali. Makosa mengine yote nilikuwa nimejiandaa nayo.

Nilitoka Bungoma, magharibi mwa Kenya, kuja Tanzania kufunga na kuendesha mashine ya kukoboa mpunga ya mama mmoja mfanyabiashara. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua mashine mbovu za watu na kutazama video kwenye simu, na mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu kwamba siku moja atatokea msomi amuumbue. Kwa hiyo nilijiandaa kupita kiasi. Sikupanda basi mpaka yule mama aliponiombea kibali cha kazi na cha ukaazi vikatoka, ingawa jamaa zangu walinihimiza niende tu kama mgeni, mengine yatajipanga hukohuko. Hilo silijutii. Kila anayeniuliza namwambia asianze kazi ugenini kwa muhuri wa matembezi. Nilipiga picha kila karatasi. Mkataba niliusoma hadi nikaujua kwa kichwa, hasa pale paliponitoa jasho: miezi mitatu ya majaribio, na tajiri asiporidhika, kibali kinafutwa na mimi narudi kwetu.

Habari za wali hazikuwa zimeandikwa popote.

Siku ya kuwasha mashine, mzee mmoja mkulima wa kijiji cha Kakese alileta mpunga wake uwe wa kwanza. Mkewe alikuja na sufuria. Mchele ulipoanza kutoka alichota, akaosha, akaupika kwenye mafiga nyuma ya ghala. Ndivyo wanavyofanya: wali wa kwanza wa mashine mpya unapikwa palepale, unaliwa na wenye mpunga, wabeba magunia na yeyote aliyepo, na wa kwanza kutia mkono kwenye sinia ni fundi. Mimi sikujua. Nilikuwa nimeinama juu ya mchele na kitu pekee nilichokiona ni chenga. Punje nyingi zilikuwa zimekatika. Nilitamani mashine izimike yenyewe.

"Fundi, karibu," mama wa sufuria akaniita. "Tunasubiri mkono wako."

"Asante mama, nimeshiba," nikajibu bila kuinua kichwa. "Nyie endeleeni."

Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Lakini nilihisi kwamba nikiula wali ule nitakuwa nimetia sahihi kwamba kazi yangu ni ya namna ile.

Jioni hiyo nilifungua mashine, nikakuta rola zinazomenya mpunga zimebana mno, nikazilegeza, nikajaribu, nikazilegeza tena kidogo. Kesho yake punje zilitoka nzima, zinang'aa. Hakuna aliyekuja kuziona. Msimu wa mavuno ulikuwa umeanza, na pikipiki za magurudumu matatu zilipita mbele ya geti letu zikiwa na magunia kutoka Kakese, zikaenda kwenye mashine za wengine. Nilishinda nikifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Mwishowe mama tajiri akaniita.

"Mwanangu, unajua huko Kakese wanasemaje? Wanasema hata fundi mwenyewe hali wali wa mashine yake. Mmoja anasema umeona oili imeingia kwenye mchele. Mwingine anasema nyie Wakenya mnaogopa kulishwa dawa."

Nikaanza kueleza rola, nikaeleza chenga, nikatoa simu nikamwonyesha picha za mchele wa kabla na wa baada. Alizitazama zote, bila haraka.

"Mimi nimekuelewa," akasema. "Kakese utamwonyesha nani hizi picha?"

"Basi niende nikawaeleze."

"Usiende kueleza. Nenda ukale. Na uende leo. Mavuno yakipita hivi, sitakuwa na cha kukulipa, na mkataba unaujua kuliko mimi."

Nilichukua bodaboda. Nilimkuta mzee akigeuza mpunga juu ya turubai, mkewe akipepeta kando yake. Niliwaamkia shikamoo wote wawili. Mzee akaitika marahaba. Mkewe akanitazama kwanza.

"Huyu si ndiye aliyeshiba?"

"Leo nina njaa, mama."

"Pole. Sisi leo hatuna cha maana. Umebaki ule mchele wako wa chenga."

"Huohuo."

Sinia lililetwa, wali na mchuzi wa samaki, migebuka. Tukanawa. Hakuna aliyetia mkono. Nikaelewa, nikafinyanga tonge la kwanza nikala, na ndipo mikono yao ikafuata. Wali ulikuwa laini na mtamu, na nilikula hadi nikasahau kujitazama.

"Siku ile sikuwa nimeshiba," nikasema. "Niliona aibu. Mchele ulikatika mikononi mwangu."

Mzee akamaliza kutafuna. "Aibu ya chenga? Mimi nimekulia chenga. Nzima tunauza, chenga ndiyo tunakula sisi."

"Si ungesema tu," mkewe akasema. "Tungekucheka, halafu tungekula."

"Na sasa hivi bado zinakatika?" mzee akauliza.

"Njoo uone, mzee."

"Kuona sina haja. Nakuja kula."

Kesho yake asubuhi alikuja na magunia, na nyuma yake majirani, na mkwe wake kutoka kijiji kingine, Kasekese. Mkewe alikuja na sufuria ileile. Mchele ulipomiminika, mzee aliuchota kiganjani, akautazama juani, akampa jirani. Jirani naye akampa mwenzake. Wali ulipoiva niliitwa, na safari hii nilikuwa tayari nimenawa. Kufikia mchana magunia yalikuwa yamepangwa hadi nje ya geti, na mama tajiri alikuwa kwenye simu akitafuta wabebaji zaidi. Kila mkulima mgeni alitaka kwanza anione nikila. Suruali zilianza kunibana.

Ndiyo maana siku hizi anayekwenda kufanya kazi nchi ya watu, nikishamaliza kumwambia ya vibali, namwambia aulize na hili: siku ya kwanza ya kazi hapa kunafanyika nini, na mimi nasimama wapi? Hakuna mkataba utakaomjibu. Wenyeji watamjibu kwa furaha.

Siku majaribio yangu yalipoisha, tulikuwa tumezunguka sinia nyuma ya ghala. Nilikuwa nimeihesabu siku hiyo kwa hofu tangu Bungoma.

"Mama," nikamwambia tajiri, "majaribio yangu yanaisha leo."

"Majaribio gani tena?" akasema. "Kula, wali unapoa."

Bado nafungua mashine kila nikiona punje imekatika. Ila sasa nakula kwanza.