Mwanga wa Mara Moja

Maabarani walimwita Bi Kasoro, na sijui kama kuna jina lililowahi kumkaa mtu vizuri kuliko hilo. Ukimpa chai, atakuonyesha ufa wa kikombe. Ukimsifu, atauliza una shida gani. Basi mtu wa namna hiyo wakampa kazi ya kuvunja. Alipokea resini mbichi, ule uji mzito ambao daktari wa meno huutumia kuziba jino lililotoboka, akaushindilia kwenye kalibu ya chuma na kuumulika kwa taa ya buluu mpaka ukakauka na kuwa kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti. Kijiti kililowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, kesho yake alikilaza kwenye mashine, kikakandamizwa katikati hadi kikavunjika. Namba iliyobaki kwenye kioo ndiyo nguvu yake. Chini ya themanini, hakifai kwa jino la kutafunia.

Safari hii resini ilikuwa ya Dokta, binti mkemia mwembamba mwenye maneno mengi, aliyemwita Bi Kasoro dada na kumgombeza kwa pumzi hiyohiyo. Dokta alikuwa amepania kuiondoa bisfenoli, kemikali ambayo wengi wanahofu kwamba inaweza kuvuruga homoni za mwili. Wenzake walimcheka kwamba bila hiyo atapata mshumaa, si jino. Ikamla miaka. Halafu vijiti vikaanza kufaulu, tena kwa kishindo: wastani tisini na moja. Dokta alimkumbatia Bi Kasoro mpaka miwani ikamwanguka. Mkuu wa maabara akaitisha kikao cha kuamua kama resini sasa ijaribiwe kwa wagonjwa.

Bi Kasoro hakuona la kulalamikia, na hilo lilimkosesha raha.

Wiki hiyohiyo alimpeleka mama yake mzazi kuzibwa gego. Alisimama pembeni ya kiti, mkono wa mama kiganjani mwake. Daktari wa meno alijaza resini ya kawaida, akaweka taa, ikalia mlio mmoja, akaiondoa.

"Tayari, bibi."

"Mara moja tu?" Bi Kasoro aliuliza. "Humuliki tena?"

"Nimulike tena wapi? Shavu hili hapa, ulimi huu hapa, mate yanakuja. Mwanga unaingia kwa juu, basi."

"Mwache mwenzio afanye kazi," mama alisema, mdomo nusu ganzi. "Taya zangu zishachoka."

Bi Kasoro alianza kuhesabu kichwani ni mara ngapi yeye humulika kijiti kimoja. Kijiti chake kilikuwa kirefu kuliko ncha ya taa, hivyo alimulika katikati kwanza, kisha kuelekea huku, kisha kule, na kila hatua ikikanyaga tena ile ya kwanza. Akimaliza, alikigeuza na kurudia upande wa pili. Ndivyo alivyofundishwa, na resini za zamani hazikujali, kwa sababu zilikauka kwa mwanga wa kwanza tu. Hii ya Dokta je, kama ni mlafi wa mwanga? Katikati ndipo palipokula mwanga zaidi, na mashine inavunja palepale katikati.

Asubuhi alimweleza Dokta bila kuzunguka.

"Dada, kikao kiko mlangoni," Dokta alisema. "Utaratibu unaruhusu kumulika hivyo. Hatujaiba kitu."

"Hatujaiba. Lakini kinywani hakuna wa kukigeuza."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Nivunje upya. Mwanga mara moja, kwa juu."

"Na ikishindwa?"

"Nitaumia kama wewe. Nitaandika hivyohivyo."

Dokta aliondoka akibamiza mlango. Bi Kasoro aliumia kweli, maana alimpenda yule binti kuliko alivyoonyesha, lakini mikono yake ilikuwa tayari inapima chuma cha kalibu mpya. Alichonga kalibu fupi inayoenea chini ya ncha ya taa. Akamulika mara moja, akaloweka, akavunja trei nzima ya vijiti. Wastani ulikuwa sitini na nane.

Kwenye kikao, Dokta mwenyewe ndiye aliyesimama na kuitaja namba hiyo. Mkuu alikunja uso, akawapa nafasi ya mwisho: resini ifike themanini kwa mwanga wa mara moja, la sivyo mradi ufungwe.

Tangu hapo Dokta hakumwita tena Bi Kasoro dada. Alijifungia na vichupa vyake akibadilisha kile kinachoiamsha resini inapopigwa na mwanga, akaleta mchanganyiko baada ya mchanganyiko, akauweka mezani na kuondoka. Bi Kasoro alivunja yote, na namba zikawa zinapanda kwa uvivu.

Siku moja Dokta hakuondoka. Alivuta kiti na kutazama trei ikivunjwa hadi kijiti cha mwisho. Wastani ukatokea: sabini na tisa.

Walikaa wakiitazama namba. Bi Kasoro alijua kwamba wakitengeneza trei nyingine na kurudisha kijiti kimoja au viwili chini ya taa kidogo tu, themanini ingefika na hakuna ambaye angejua, na alijua kwamba mwenzake anawaza hivyohivyo.

Dokta alinyoosha mkono, akachomoa waya wa taa ukutani.

"Imebaki moja," alisema. "Nipe mpaka kesho, dada."