Osmund Avumbika Nanasi

Katika soko la Songea hakuna aliyejua kuvumbika ndizi kama Osmund, na ukibisha, kamuulize yeye mwenyewe. Biashara ilipoachiwa huru na ushirika aliokuwa akiufanyia kazi ukamrudisha nyumbani mikono mitupu, alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalitandika majani makavu ya mgomba, akalifukiza moshi na kulifunika udongo. Mkungu mgumu kama mpini wa jembe ulitoka humo wa manjano, mtamu hata kwa kibogoyo. Alijigamba kwamba angetaka, angeivisha hata jiwe.

Mwaka ule mkewe, Kunegunda, aliugua malaria. Homa iliondoka, ikaondoka na hamu ya kula. Uji ulirudi jikoni na utando juu. Kuku akachinjwa, akaliwa na waliokuja kumjulia hali. Mama wa watu alizidi kukonda, na Osmund, bingwa wa maneno sokoni, akifika mlangoni pa chumba huuliza tu kama maji ya kunywa yapo. Ndipo siku moja Kunegunda akanong'ona kwamba labda angejaribu nanasi, lile la dada yake kule Maposeni.

Osmund alipanda baiskeli kabla ya chai. Dada mtu, Notburga, akamwambia mazuri yote yamekwisha uzwa. Yaliyobaki ni mabichi, ayaache yaive shinani.

"Shemeji, ndizi hukatwa na unga wake ndani," alisema Notburga. "Huko shimoni unga ndio unaogeuka sukari. Nanasi halina akiba. Sukari hunyonya kwa mama yake mpaka mwisho. Ukilikata sasa umeliachisha ziwa, litabaki na ukali wake."

"Wewe lima, shemeji. Kuivisha niachie mimi."

Akachagua kubwa kuliko yote, akalifunga kwenye keria ya baiskeli, akalitia shimoni. Siku ya kulifukua lilikuwa la dhahabu, linanukia hadi kwa jirani. Akalibeba kama padri anayetoka sakristia na kikombe. Jikoni akalimenya, akaonja kipande kwa siri. Jicho moja likajifumba lenyewe. Ganda lilikuwa limeiva, nyama haina habari.

Alitaka kulitupa, lakini harufu ilishafika chumbani na Kunegunda alikuwa anaita. Akaingia na sahani, kichwa chini.

"Mama Hilda, usile. Limenishinda."

Maneno hayo hayakuwahi kumtoka tangu wafunge ndoa. Kunegunda alimtazama, akachukua kipande, akauma. Uso ukajikunja, mabega yakaruka, machozi yakamtoka.

"Baba Hilda, hili ni nanasi, au ni limau lililovaa kanzu?"

Akacheka, cheko dogo la kukwaruza. Osmund akanyoosha mkono aichukue sahani. Mama akaivuta kwake. Akataka chumvi na pilipili. Akachovya, akala, akachovya tena, akifyonza vidole. Ule ukali uliamsha mate kwenye mdomo uliokuwa umekauka tangu homa. Kisha akauliza, kama mtu aliyetoka shamba, chunguni kuna nini.

Kulikuwa na maharage. Osmund akasonga ugali mwenyewe, mbio mbio, ukatoka na madonge ambayo siku nyingine yangemletea maneno. Kunegunda aliyala hivyo hivyo. Mume alimshikia bakuli, na alipoombwa aongeze mchuzi akageukia ukutani kidogo, akasingizia moshi.