Ng'ombe Waliobaki Nje ya Picha

Mimi hupiga picha za safari. Majarida hunituma mbali, na nikifika huko huuliza maswali mengi kuliko wenyeji wanavyopenda. Lakini picha ninayoikumbuka zaidi niliipiga karibu na nyumbani, nje kidogo ya Garsen, na siwezi kumwonyesha mtu kwa sababu niliifuta.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya chuo. Mhariri alitaka mifugo inayoteremka kwenye delta ya mto wakati wa kiangazi. Kundi zima, alisisitiza, wote waonekane. Nikamwendea mama mmoja mfugaji, Muorma, aliyekuwa akituletea maziwa kijijini kwetu Idsowe nilipokuwa mdogo. Kila asubuhi alikuja na kibuyu kilichofukizwa moshi, mama yangu akampa ndizi na mahindi, wakakaa wakitaniana mpaka jua likawa kali. Hadi leo, chai isiyonukia moshi kidogo naiona haijakamilika.

Nilipanda tuta la kuzuia mafuriko nikawapata ng'ombe wake wote kwenye picha moja, kuanzia fahali wa mbele hadi ndama wa mwisho, vumbi limewazunguka na mto unang'aa nyuma yao. Nikashuka mbio kumwonyesha. Picha nyingine alizicheka. Ng'ombe mmoja nilikuwa nimemnenepesha, akasema, anafaa kuuzwa leo. Alipofika kwenye ile ya wote akanirudishia kamera.

"Hii futa."

Nikauliza kwa nini. Akasema ng'ombe hawahesabiwi, wakihesabiwa wanaisha. Nikamwambia sijahesabu hata mmoja.

"Wewe hapana. Lakini hapa wamesimama, wanangoja mtu wa kuwahesabu."

Nilibishana naye kama nilivyozoea kubishana na wahadhiri. Magonjwa yana vijidudu vyake, nikasema, na ukame hauletwi na jicho la mtu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Chuo kimekupa maneno mengi. Maziwa nilikupa mimi."

Nikafuta mbele ya macho yake. Sikuamini, niliona aibu tu. Nikapiga nyingine, ng'ombe wa nyuma wamekatwa upande wa kulia. Mhariri aliipokea shingo upande, na safari iliyofuata akampa mwingine. Nilimlaumu yule mama kwa muda mrefu, kimoyomoyo.

Kisha mvua zikakosa, msimu baada ya msimu. Mwaka huu nilipokuja nyumbani, yule mama alifika kwetu bila kibuyu. Mama yangu alikuwa amenionya mapema nisimuulize chochote kuhusu mifugo. Alitaka kuona picha. Nikamletea ule ukurasa wa jarida, akautazama kwa utulivu.

"Na ile ya wote?"

"Nilifuta, mama. Wewe ulisema."

"Najua nilisema."

Swali nililolihifadhi miaka yote lilifika mdomoni: kufuta kulisaidia nini? Lakini alikuwa ameshaulaza ukurasa mezani, na kidole chake kimeanzia pale picha inapokatika, kinatembea juu ya kitambaa cha meza. Hapa alikuwa mweupe wa pembe moja. Nyuma yake, binti yake. Huyu mwekundu alikuwa mkorofi, haendi mpaka apigiwe mluzi. Aliwapanga mmoja mmoja, bila haraka na bila kutaja idadi, hadi kidole kikagonga chupa ya chai.

Nikaiondoa ili wapite.