Mama Aliyeomba Mwanawe Akamatwe

Kwa miaka kumi na tisa nilikaa nyuma ya kioo katika ofisi ya sherifu wa kaunti ya Bascom, kusini mwa Missouri, nikitunza majalada ya watu waliokamatwa. Kazi yenyewe si ya kujivunia sana wala si ya kuonea haya. Mtu anakamatwa, askari anamleta, anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, nami naandika: jina, tarehe, kosa, nani ajulishwe likitokea jambo. Akitoka naandika saa aliyotoka. Kwa sheria yetu karatasi hizo ni za umma. Yeyote anaweza kuja dirishani akaziomba, na mimi sina ruhusa ya kumuuliza anazitakia nini.

Wengi waliokuja walikuwa mawakili, waandishi wa gazeti letu la wiki, na wanawake waliotaka kumchunguza bwana harusi kabla ya harusi. Bi Ardith Kessinger hakuwa miongoni mwa hao.

Kila mtu mjini Purdom alimjua. Alikuwa mpishi wa shule yetu kwa miaka ishirini na sita. Alhamisi alikuwa akipika maharage na nyama yaliyokolea pilipili, na pembeni mkate wa mdalasini mkubwa kama kisahani. Wanangu wawili hawakuwahi kuugua siku ya Alhamisi, hata homa iwabane vipi. Mumewe alifariki mapema kwa ugonjwa wa moyo, akamwachia mtoto mmoja, Tobin.

Tobin alikuwa kijana wa maneno machache na mikono myepesi ya kazi. Alifanya kazi katika kiwanda cha mbao mpaka siku gogo lilipoteleza likamponda bega. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Daktari akampa vidonge vya maumivu. Vidonge vikaisha, maumivu yakabaki. Au labda maumivu ndiyo yaliyoisha, ikabaki hamu ya vidonge. Hilo silijui, na nadhani hata yeye hakulijua. Baada ya vidonge zikaja zile dawa zinazopikwa kwenye mabanda huko mabondeni. Akapotea hivi hivi, mama yake akimwona.

Mara ya kwanza Bi Ardith alipokuja dirishani alikuwa amevaa gauni la kanisani, mkoba ameubana kwapani.

"Wilda," akanong'ona, "nimesikia kuna karatasi."

"Karatasi zipi, Bi Ardith?" Nilijua ni zipi, kwani Tobin alikuwa ameletwa kwetu juma hilo.

"Usinilazimishe kusema kwa sauti, mwanangu. Kuna watu nyuma yangu."

Nyuma yake alikuwepo mtu mmoja tu, mzee Burl Haskett, aliyekuja kulalamikia ng'ombe wa jirani yake.

"Sema tu, Ardith," Burl akadakia. "Sote tumeshasoma. Ukurasa wa tatu, na picha wameiweka kubwa kama ya mgombea."

Bi Ardith akageuka polepole. "Na wewe, Burl, mwaka ule ulipolala ndani ya zizi la nguruwe umelewa chakari, gazeti lilikuwa limefungwa?"

Burl akacheka mpaka akakohoa, kisha akatazama viatu vyake. Mimi nikachapa karatasi nikaipitisha chini ya kioo.

Kuanzia siku hiyo akawa anakuja kila Jumatatu. Orodha ya waliomo mahabusu hubandikwa mtandaoni kila asubuhi, lakini nyumbani kwake hapakuwa na mtandao, na hata angekuwa nao nadhani bado angekuja. Alitaka karatasi. Aliisoma amesimama, kidole kikishuka jina baada ya jina, na kidole kilipofika kwenye K kilipunguza mwendo. Akimkuta Tobin alishusha pumzi, akaikunja karatasi, akaniuliza hali ya wanangu. Asipomkuta aliondoka bila kuaga.

Mwanzoni niliona ajabu. Mama gani anafurahi mwanawe kuwa jela? Nikamuuliza siku moja, tulipokuwa peke yetu.

"Akiwa humu ndani najua amekula," akasema. "Najua analala kwenye joto. Akiwa nje, Wilda, sijui kitu. Simu ikilia naiogopa, isipolia naiogopa zaidi."

Ikaenda hivyo miaka tisa. Tobin aliingia na kutoka, mara kwa kuiba nyaya za shaba, mara kwa dawa, mara kwa kutofika mahakamani. Aliahidi kuacha, akaacha, akarudia. Halafu mwaka wa tisa, kiangazi kilipokwisha, jina lake halikuonekana tena. Jumatatu moja, mbili, tisa. Nyumbani hajafika, na waliokuwa wakijihifadhi pamoja naye mabondeni walisema hawajamwona.

Jumatatu ya kumi Bi Ardith akaja macho yamevimba.

"Jana mchungaji aliuliza nani ana ombi," akaniambia. "Nikasimama. Nikasema, niombeeni mwanangu akamatwe. Mke wa shemasi akaninong'oneza, 'Ardith, umekusudia kusema aachiliwe.' Nikamwambia, hapana, mama, nimekusudia hivyo hivyo."

Nilimfungulia mlango wa pembeni, nikamkalisha kwenye kiti changu cha akiba, jambo ambalo haliruhusiwi. Nikamweleza kwamba hapajawahi kuwa na kitabu kimoja kinachokusanya waliokamatwa wote. Kila kaunti ina chake, na kila moja ina taratibu zake. Tukaanza na majirani. Wawili wana orodha mtandaoni, tukazipekua mpaka mwanzo wa Septemba. Wa tatu nikampigia karani wao, tunafahamiana, akatazama akasema hamna. Ikabaki Leavell, kaunti ndogo kuliko yetu, isiyobandika chochote mtandaoni. Wao wanataka barua.

Basi tukaandika barua. Bi Ardith aliiandika kwa mkono wake, mimi nikimtajia maneno: naomba kumbukumbu zote za kukamatwa na za mahabusu, jina hili, aliyezaliwa tarehe hii. Siku ya nne Bi Ardith akaniletea majibu. Hawana mtu wa jina hilo.

Alikuwa ameshavaa koti aondoke nilipokumbuka ni mara ngapi mimi mwenyewe nimekosea kuandika jina la mtu anayetetemeka mbele yangu. Nikapiga simu Leavell, nikawaomba waache jina, watafute kwa tarehe ya kuzaliwa. Nikasikia vidole vikigonga kompyuta.

"Ninaye mmoja," sauti ikasema. "Tobin Kisinger."

Alikamatwa tarehe sita Novemba kwa kulala kwenye ghala la nyasi la mtu. Aliachiliwa tarehe tisa. Siku hiyo tulikuwa tarehe kumi na nne.

Kesho yake nilichukua ruhusa nikampeleka. Ni mwendo wa maili arobaini, na njia nzima hakusema ila mara moja, kuniambia nipunguze mwendo kuna barafu. Karani wa Leavell alikuwa mama mtu mzima aitwaye Neva, nywele zimekatwa fupi kama za mwanajeshi. Alikuwa ameshatuandalia nakala.

Picha ilikuja kwanza. Tobin alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, lakini macho yalikuwa yake. Bi Ardith aliishika kwa ncha za vidole. Kisha akasoma ukurasa wa pili, na kidole kikasimama.

"Wilda, hapa pameandikwa nini?"

Ilikuwa ile sehemu ya mtu wa kujulishwa. Palikuwa na neno moja, na mbele yake sahihi ya Tobin.

"Pameandikwa 'hakuna', Bi Ardith."

"Hakuna," akarudia.

Neva akainama dirishani. "Mama, nilimuuliza mara mbili mimi mwenyewe. Akaniambia, mama yupo, lakini amechoka. Mwacheni apumzike."

"Nani kamwambia nimechoka?" Sauti ikapanda, watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. "Nani kamwambia? Mimi nilimwambia nimechoka?"

Baadaye, tukiwa njiani kurudi, alisema kwamba ndiyo, alimwambia. Ilikuwa Agosti, walipogombana juu ya saa ya marehemu baba yake. Alimwambia, Tobin, nimechoka na wewe, na akamfungia mlango.

Lakini pale dirishani aliendelea kusoma mpaka mwisho. Tobin aliachiliwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Hapakuwa na wa kumchukua. Mali aliyorudishiwa iliorodheshwa: mkanda, kiberiti cha gesi, kofia.

"Koti liko wapi?" akauliza.

Neva akatazama karatasi, ingawa alijua hamna. "Hakuja na koti, mama."

"Na siku hiyo kulikuwaje?"

"Mvua ya barafu," Neva akasema. "Nilimwambia asubiri kidogo ndani. Akasema anajua njia."

Siku iliyofuata ulifunguliwa msimu wa kuwinda paa. Vilima vyote vya kwetu hujaa watu waliovaa rangi ya chungwa ili waonane, hata pale ambapo mwaka mzima hapapiti mtu. Mwindaji mmoja na binti yake walimkuta chini ya mierezi, ameegemea shina, maili tisa kutoka Purdom. Hakuwa na kitambulisho. Hakuna aliyeweza kusema ni nani mpaka alama za vidole zilipolinganishwa na zile tulizokuwa nazo ofisini. Mimi ndiye niliyezichukua kutoka kwenye jalada.

Sherifu akaniomba twende naye. Akasema, "Wewe anakujua, Wilda. Mimi nitasimama tu." Tulimkuta Bi Ardith barazani mwa nyumba anafagia majani. Alimtazama sherifu, kisha mimi.

"Mmempata?"

"Tumempata, Bi Ardith."

"Ndani au nje?"

"Nje," nikasema.

Akaketi kwenye ngazi, ufagio ungali mkononi. Nikaketi naye. Sherifu alivua kofia akabaki amesimama uani, na hatukuingia ndani mpaka miguu yetu ilipokufa ganzi.

Mchunguzi wa maiti alisema ni baridi iliyomuua. Hapakuwa na dawa yoyote kwenye damu. Alikuwa akielekea wapi, hilo hakuna anayeweza kulithibitisha, lakini kutoka Leavell mpaka pale kwenye mierezi kuna njia moja, nayo inakuja Purdom. Bi Ardith alinionyesha kwenye ramani kwa kidole.

Siku mbili kabla ya maziko alikuja dirishani. "Wanataka picha ya kuweka juu ya jeneza," akasema. "Ninazo za shule, na moja ya kiwandani. Tangu hapo sina. Ninyi mnazo."

Tulikuwa nazo kumi na moja. Nikazichapa zote, nikazipanga kwa miaka kwenye meza ya ndani. Tobin wa miaka ishirini na mitatu akiwa na shavu lililojaa, Tobin wa ishirini na saba akiwa na jeraha kwenye nyusi, mpaka wa mwisho. Alizitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepitia albamu ya familia. Delmer Oakes, askari jela wetu aliyesoma darasa moja na Tobin, akatoka nyuma akasimama pembeni yake.

"Hii niliipiga mimi," akasema, akigusa ya nne. "Nilimwambia, 'Simama vizuri, Tobin, mama yako akiiona hii atakuja na mwiko atuchape sote wawili.' Ndipo akacheka."

Kweli alikuwa anacheka, upande mmoja wa mdomo. Bi Ardith aliichagua hiyo. Nikaikata chini, namba isionekane. Kanisani kila mtu alijua imetoka wapi na hapana aliyesema.

Januari, Jumatatu moja, alikuja tena. Alisimama mbele ya kioo akaonekana kushangaa kujikuta hapo.

"Sijui nimefuata nini," akasema.

Nilitoka nikaketi naye kwenye benchi. Orodha ya siku hiyo ilikuwa mkononi mwangu, akaniomba nimsomee. Nikasoma. Kila jina la hapa kwetu alilijua. Huyu alikuwa hapendi maziwa, huyu alikuwa akimwibia mdogo wake mkate, huyu mama yake ni mgonjwa. Nilipofika mwisho alifunga vifungo vya koti, akanishika bega, akaenda zake.

Majira ya kuchipua alihamia kwa dada yake huko Kansas. Jalada la Tobin nililifunga mimi. Kompyuta hukataa kufunga jalada bila sababu, na hukupa sababu nne za kuchagua. Nilizisoma zote, hata moja haikufaa. Nikachagua "mengineyo".