Bei Mbili za Debe Moja Songambele

Nilitoka nyumbani Kanoni kutafuta fedha za sare za shule za watoto. Kahawa yetu ilikuwa imeshaisha kuchumwa, na nilisikia kwamba kwenye mashamba ya Songambele bado wanatafuta wachumaji.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi Kayanga, kisha gari la Nkwenda, kisha bodaboda nyingine. Alasiri, nikiwa tayari nimefika shambani, ndipo nilipogundua kitambulisho changu kimebaki kabatini.

Msimamizi, kaka mmoja aitwaye Deusi, alisikiliza lafudhi ya Kiswahili changu.

"Mama, kweli wewe ni Mtanzania?"

"Nimezaliwa Kanoni. Aliyetoka Rwanda ni babu yangu."

"Wote husema hivyo."

Akaniandika pamoja na wageni wasio na kibali. Debe lao hulipwa nusu ya bei.

Siku tatu nilichuma mstari mmoja na Spesioza, mama kutoka Burundi ambaye naye hakuwa na kibali. Mikono yake ilikuwa myepesi mno. Alijaza madebe matatu mimi nikihangaika na la pili.

Siku ya nne mume wangu alinitumia kitambulisho kwa bodaboda. Deusi alikigeuza huku na huku, akacheka. "Si ungesema!"

"Nilisema."

Jioni hiyo kila debe langu lililipwa mara mbili ya jana. Mibuni ileile, mikono ileile. Nilisimama na zile fedha kama mtu aliyerudishiwa chenji isiyo yake.

"Na mwenzangu?" nikamuuliza Deusi. "Mbona yeye analipwa nusu, na ananishinda kuchuma?"

Kabla hajajibu, Spesioza alinivuta kitenge. "Dada, nyamaza," alininong'oneza. "Ukinisemea, kesho sitaitwa. Nami nitamshtakia nani?"

Nikanyamaza. Hadi leo sijui kama nilimsaidia au nilimtupa.

Jumamosi nilirudi Kanoni. Mume wangu alikuwa akimenya ndizi; nikakaa, nikamsimulia yote. Akafikiri kidogo.

"Maharage yetu yanakaribia kuvunwa," akasema. "Tumwite huyo Spesioza?"

"Akija, tutamlipa kama nilivyolipwa mimi."

"Sawa. Kama ulivyolipwa lini? Siku tatu za kwanza, au ya mwisho?"

Hakuwa anatania. Nilitaka kumjibu papo hapo, nikajikuta kwanza nahesabu tungebakiwa na kiasi gani tukimlipa nusu. Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile, na bado linanichanganya.