Shingo ya Akaale

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, Akaale alipaka shanga zake mafuta. Alimimina matone mawili ya mafuta ya kupikia kwenye kiganja, akasugua mikono, halafu akaanza na mzunguko wa chini kabisa, ule unaolala juu ya mabega, akapanda polepole mpaka ule unaogusa kidevu. Vumbi la Kakuma halina adabu, linaingia kila mahali, na yeye hakutaka mtu azione shanga za mume wake zimechafuka.

Ndivyo alivyosema, shanga za mume wangu, ingawa zilikuwa shingoni mwake. Kwa Waturkana mwanamke aliyeolewa huvaa shanga shingo nzima, na siku akionekana bila hizo hakuna anayemuuliza kitu. Watu wanajua mume amekufa. Wanakaa chini walie naye.

Mume wake, Lomenen, alikuwa ameondoka miaka miwili iliyopita na mbuzi waliobaki baada ya ukame, akafuata majani upande wa Lokichoggio. Dereva mmoja wa lori alisema alimwona akivuka barabara, anatembea vizuri tu, mbuzi mbele. Baada ya hapo, kimya. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeleta hata fimbo yake. Kwa hiyo Akaale aliendelea kupaka mafuta.

Aliishi kwa kuni. Alikata upande wa kwao, akavuka laga ya Tarach, ule mto mkavu wa mchanga, na mzigo kichwani, akauza ndani ya kambi kwa wakimbizi. Mteja wake mkubwa alikuwa Pascaline, mama mnene wa Kongo aliyependa kucheka. Siku moja alifika akakuta mlango umefungwa. Jirani akamwonyesha kwa kidole: Pascaline yuko pale ukumbini, ile nyumba ya mabati karibu na bomba la maji. Akaale akaenda na mzigo wake. Akachungulia.

Ndani kulikuwa na wanawake kumi, wote wamepiga magoti na mikono chini, matako juu kabisa, vichwa vinaning'inia.

Akaale alitua kuni. "Nyinyi natafuta nini hapo chini?" akauliza. "Mbuzi ya nani imepotea?"

Pascaline aliangukia tumbo kwa kicheko, na wengine wakaanguka baada yake. Mwalimu wao, binti wa Burundi aitwaye Estelle, alijaribu kukasirika ikamshinda.

"Ni yoga, mama," alisema. "Ni ya kutuliza moyo."

"Moyo iko huko nyuma?"

"Kuya uone, badala ya kutusema," Pascaline akamwambia, na akasogeza mkeka wake nusu. "Hapa habalipe kitu."

Akaingia. Alitaka kucheka kidogo tu halafu aende. Lakini Jumanne iliyofuata alirudi, na Alhamisi pia, mpaka wauza kuni wenzake wakaanza kumwita mwanafunzi.

Estelle alikuwa amefundishwa na wageni wa shirika fulani, na wageni walipoondoka aliendelea mwenyewe. Kila mara mwishoni aliwaambia walale kwa mgongo, mikono wazi, wasifanye chochote. Zamani alikuwa akiita kulala huko maiti, kama alivyofundishwa. Adeng, mama mrefu kutoka Sudan Kusini, alikataa. "Maiti nimeona ya kutosha," alisema. "Mimi silali maiti." Tangu hapo wakasema tu kupumzika.

Ni hapo kwenye kupumzika Akaale aliposhindwa. Shanga zilikuwa nzito na zimejaa. Akilala kwa mgongo zilimkaba. Basi alilala kwa ubavu, uso umeangalia ukuta, akisikia wenzake wanavyopumua nyuma yake. Hakuna aliyemwambia kitu. Ndani ya ukumbi ule watu hawakuulizana. Pascaline alimzika mume wake njiani. Adeng hakujua wa kwake yuko wapi. Wengine hawakuwahi kusema kabisa, na wote walijua ni kwa nini.

Kisha akaugua malaria. Alilala nyumbani kwake wiki nzima. Siku ya saba akasikia mbwa wanabweka, akatoka kwa kushikilia ukuta. Pascaline, Adeng, Estelle na mwingine mmoja walikuwa wamesimama nje ya ua wa miiba, wameshikana mikono kama watoto waliopotea. Watu wa kambi hawavuki laga. Wanaogopa Waturkana, na Waturkana nao wana maneno yao kuhusu wakimbizi. Lakini hawa walikuwa wamevuka, wakauliza njia kwa ishara, wakiweka mikono shingoni kuonyesha shanga, na kila mwanamke waliyemkuta alikuwa na shanga.

"Ejok?" alisema Pascaline, salamu, neno lake moja la Kiturkana.

"Ejok," Akaale akajibu.

Walimletea unga na sukari. Estelle alitandika mkeka chini ya akasia, wakamlaza, wakakaa pembeni wakibishana kwa sauti ya chini kama uji uwekwe ndimu. Akaale alisikiliza. Tangu Lomenen aondoke hakuna mtu aliyekuwa amemtafuta.

Aliporudi ukumbini, ilipofika saa ya kupumzika, hakugeukia ukuta. Alikaa akaanza kuzivua. Mzunguko mmoja kichwani, halafu mwingine, zikateleza kwa yale mafuta. Akazipanga juu ya kanga yake. Ngozi ya shingo ilikuwa laini na nyeupe-nyeupe kama ya mtoto. Alilala kwa mgongo, akafungua mikono, hewa ikaingia mpaka chini. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni. Pascaline alinyoosha mkono bila kufungua macho, akamshika kidole.

Baada ya hapo akafanya hivyo kila mara. Alizivua baada ya kufunga mlango, akazivaa kabla ya kufungua. Alijua vizuri maana ya shingo tupu. Lakini aliona kwamba kuta za mabati ni kuta, na waliokuwa ndani hawakuijua maana hiyo.

Siku ya sikukuu ya wanawake, walipoinuka kutoka kupumzika, Estelle alitoa simu. "Nipige picha?" akauliza. Wote wakasema piga. Wakainua mikono juu, na Akaale katikati, anacheka, shingo wazi.

Picha ikatembea. Sasa hivi picha hazihitaji nauli. Siku nne baadaye ilimfikia Ethuro mjini Lodwar, mdogo wake Lomenen, aliyekuwa anaishi na mama yao. Aliiangalia mara moja. Hakuangalia uso, hakuangalia mikono. Aliangalia shingo, akazima simu, akaenda kwa mama yake Awoi na kumwambia mtoto wake mkubwa amekufa na mjane ameshapata habari.

Awoi akanyoa nywele. Kwa ajili ya mwanawe akavua hata shanga zake mwenyewe, alizovaa tangu ujana wake kule Kerio. Mbuzi akachinjwa, majirani wakaja. Walilia siku mbili, na siku ya tatu mama mzee akasema, "Twendeni kwa yule mtoto. Amekaa na msiba peke yake."

Walimkuta Akaale uani anapasua kuni. Shanga zilikuwa shingoni, zinang'aa.

Alipoona kichwa cha mama mkwe wake, shoka lilimtoka mkononi. "Nani?" akauliza. "Mama, nani amekufa?"

Awoi alimwangalia shingo muda mrefu. "Wewe ndiye uniambie," alisema. "Nani alikuletea habari ya mwanangu?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna?"

"Hakuna aliyeniletea."

Ethuro akatoa simu, akamwonyesha. Akaale akaona uso wake unacheka ndani ya kioo. Akaeleza. Alieleza vibaya, maneno yaligongana. Mkeka. Kupumua. Wale wanawake.

"Ulizivua ili ulale," alisema Awoi.

"Kwa mgongo, mama. Kidogo tu."

"Shemeji," Ethuro akasema, "umetufanya tumlilie mtu aliye hai." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Akirudi leo tutamwambia nini?"

Akaale alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Alitarajia kofi, au laana, kwa sababu kumvulia shanga mume aliye hai ni kama kumwitia mauti. Awoi hakumpiga. Alikaa chini ya mti, akajifunika kitambaa kichwani, akaanza kusema polepole.

"Juzi nililala usingizi," alisema. "Tangu aende nilikuwa silali. Kila mbuzi akikohoa naamka. Juzi tulipomaliza kulia nililala mpaka jua. Sasa unaniambia nianze tena kumngoja."

"Nisamehe, mama."

"Zivue," alisema Awoi. Alisema kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mgonjwa ale. "Zivue tukae wote wawili. Yeye hayupo, binti yangu. Wewe unajua. Ndiyo maana mikono yako iliweza."

Akaale aliweka mkono kwenye shanga. Ukweli ni kwamba alikuwa amejiuliza hivyo mwenyewe, mara nyingi, akiwa amelala pale na shingo nyepesi. Lakini pale ukumbini hakuwa mjane. Alikuwa mtu anayepumua tu. Kuzivua hapa, chini ya jua, mbele ya mama aliyemzaa Lomenen, ingekuwa kumzika.

"Siwezi," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

Ethuro akachora chini kwa kijiti.

"Basi kama yuko hai, wewe ni mke," mama mzee alisema mwishowe. "Mke hukaa kwa watu wa mume wake. Njoo Lodwar, uzivae mbele ya macho yangu. Nikikuona kila siku labda nitaweza kumngoja tena. Ukibaki hapa uzivue na wale watu, mimi nimeshalia. Ethuro atamaliza mambo ya msiba, na Lomenen atakuwa amekufa, hata akija mwenyewe kwa miguu yake."

Siku ile Akaale aliwapikia, wakala, wakalala. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na asubuhi akamwambia Awoi waende, ila wapitie kambini kwanza.

Awoi na Ethuro walikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta. Akaale akaingia. Njiani alikuwa amekusanya maneno yake ya Kiswahili, akayapanga: mimi naenda kwa mama ya bwana, mimi sirudi, nyinyi ilinifanyia mzuri. Lakini Pascaline alipomwona alisogeza mkeka, akapiga sakafu kwa kiganja. "Kuya, nilikuwekea nafasi," akasema. Maneno yote yakapotea.

Walijinyoosha. Walisimama kwa mguu mmoja, Adeng akaanguka kama kawaida yake na kumlaumu jirani. Halafu Estelle akasema, "Laleni sasa. Acheni mwili."

Wakalala. Akaale hakuvua. Alilala kwa ubavu, lakini safari hii aliwageukia wao. Aliangalia nyayo za Adeng zilizopasuka, tumbo la Pascaline linavyopanda na kushuka, vidole vya Estelle vinavyohesabu. Alijaribu kupumua nao. Mara tatu pumzi zao zilienda pamoja, ya nne shanga zikambana.

Akainuka taratibu. Pascaline akafungua jicho moja.

"Unaenda maji?"

"Ndiyo," alisema Akaale.

"Usikawie. Leo wewe ndiye unatufungia kipindi na sala."

Akavuka miguu ya wenzake mmoja baada ya mwingine, akashikilia shanga kwa mkono zisipige kelele. Akafungua mlango, mwanga ukaingia, akaufunga. Awoi alikuwa ameshasimama. Akaale alipita pale bombani, penye foleni ya mitungi, hakusimama. Mama mzee akatangulia, naye akafuata nyuma yake kwenda barabarani kwa magari ya Lodwar.

Ndani, Estelle alihesabu pumzi kumi, akafungua mdomo kuwaamsha.

"Ngoja kwanza," alisema Pascaline. "Mama Akaale alienda maji."

Estelle akahesabu kumi nyingine. Halafu akaanza tena.