Bakuli Lililorudi Tupu

Umewahi kuogopa kurudi ulikokulia kwa sababu ya bakuli? Mimi nimeogopa miaka mingi. Niliposikia kwamba kota zetu za matofali ya kuchoma, pale Kigoma karibu na stesheni, zinakarabatiwa na kuongezewa ghorofa nyingine, na kwamba kuta za jikoni ndizo zitakazovunjwa kwanza, nilipanda basi siku hiyo hiyo.

Bibi yangu ndiye aliyenilea hapo. Jiko letu na la jirani, mama mmoja aliyevuka ziwa kutoka Kongo, yalitenganishwa na ukuta wenye matofali mawili yasiyo na saruji. Bibi akigonga na mwiko, jirani anayachomoa, na kwenye tundu hilo yanapita makaa ya moto, umbea, na bakuli la jirani la bati lenye ua jekundu. Linakuja na sombe, kisamvu cha kwao, inayoelea mawese, linarudi na samaki wetu wa ziwani, mgebuka. "Chombo cha mwenzio hakirudi kitupu," bibi alisema, na siku ambayo hatuna kitu alitia hata chumvi.

Jirani akaugua. Siku ya tatu bibi alimpikia mgebuka, tena wenyewe ulikuwa mmoja tu, akautia bakulini. "Mpitishie mgonjwa," aliniambia, akatoka kwenda kuanua dagaa. Harufu ile! Nilionja mkia. Nilipokuja kushtuka, imebaki miiba. Nikaitupa, nikalamba bakuli, nikagonga ukuta na kulipitisha hivyo hivyo.

Alipopona, aliyakandika matofali yale kwa udongo. Tangu hapo wakikutana ngazini ilikuwa salamu ya "Mwakeye" ya haraka, kila mtu na hamsini zake. Bibi alijiuliza mpaka anaingia kaburini amemkosea nini yule mama. Nami nilikuwa nimekaa pembeni yake, kimya. Sijivunii.

Niliposhuka basi nilimkuta jirani, sasa bibi kizee, akifunga mizigo ahamie kwa mwanawe Ujiji. Mafundi walikuwa ngazini na nyundo zao. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mama. Ule mgebuka niliula mimi."

Hakuuliza mgebuka gani. Alikaa juu ya gunia lake.

"Mungu wangu. Nami kwenye msiba wake nilikaa nyuma kabisa, na kinyongo changu."

Tulilia wote wawili. Kisha alifungua gunia, akalitoa bakuli. Ua lilikuwa limefifia, ukingo umebanduka. Alichota chumvi, akaitia, akanipa kwa mikono miwili.

"Mpelekee bibi yako. Mwambie nimepona."

Fundi alibisha hodi, akauliza kama wanaweza kuanza. Jirani aliinua mwiko, akagonga ukuta kwa mara ya mwisho, ndipo akamruhusu.

Kota mpya zitapendeza, sibishi. Nimeonyeshwa mchoro: kila jiko na bomba lake, vigae vyake, ukuta imara usio na tundu. Hakuna atakayehitaji kaa la mwenzake. Mtoto wa humo atakula samaki wake mezani, na hatakuwa na wa kumwibia wala wa kumwomba radhi.

Makaburini niliweka bakuli juu ya udongo, nikasema yote kwa sauti. Kisha, mjinga mimi, nikakaa nikisubiri anijibu.